Kurejea Dar es Salaam kutoka Matema na familia: sehemu ya likizo ambayo watu hawaipangi

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Likizo ya Juni inaelekea ukingoni, na familia nyingi za Dar es Salaam ziko Ziwa Nyasa, hasa Matema, wilayani Kyela, pale Milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini. Nyuzi zinazoeleza namna ya kwenda zimejaa: wapi pa kupanga banda, bei ya usiku mmoja, basi lipi linafika Kyela mapema. Kuhusu kurudi sijaona mtu akiandika kwa kina, ilhali kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya safari inayowaumiza watu zaidi. Mzazi hujiandaa mwezi mzima kwa ajili ya kwenda, kisha anarudi kwa kukurupuka. Anaondoka ziwani jua limeshapanda kwa sababu watoto walitaka kuogelea mara ya mwisho, anaendesha usiku akiwa amechoka, anafika nyumbani hakuna hata unga, na wiki chache baadaye mtoto anapopata homa hakuna anayekumbuka kumweleza daktari kwamba mtoto huyo alikuwa ziwani.

Naomba niandike ninayoyajua, nanyi mwongeze.

Nianze na barabara. Kutoka Matema hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na wengi huzikadiria kwa jinsi walivyozipita wakati wa kwenda, wakiwa na nguvu na shauku. Ukishakaa ziwani unasahau pia kwamba uko mahali pa chini sana. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu iko juu ya mita 1,500, na barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Uyole hupanda kupita mita 2,000 pale Isongole. Kwa hiyo mtoto aliyetoka ufukweni asubuhi na kaptura na fulana, kabla ya saa sita mchana yuko katikati ya ukungu na baridi ya Juni, meno yanagongana, na masikio yamemziba. Sweta ziwekwe juu kabisa ya begi, wala zisizikwe chini ya taulo zenye mchanga. Mtoto mchanga anyonyeshwe gari linapopanda, kwa sababu kumeza humfungua masikio. Aliye mkubwa apewe kitu cha kutafuna.

Anayeendesha mwenyewe nashauri agawe safari kwa siku mbili, alale Makambako, Mafinga au Iringa. Gharama ya chumba ni ndogo ukilinganisha na kilichomo ndani ya gari lile. Faida yake kubwa ni kwamba mteremko wa Kitonga na Hifadhi ya Mikumi utavipita mchana.

Kitonga ina jambo lake ambalo wenye magari madogo hawalifikirii. Wakati wa kwenda mliipanda, sasa mnaishuka, na gari ni zito kuliko lilivyokwenda, kwa sababu ndani mna mchele wa Kyela, mikungu ya ndizi na parachichi za Tukuyu, na pengine gunia la viazi mlilonunua Isongole. Dereva anayekanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini huzipasha moto mpaka zinapungua nguvu, na huligundua hilo kwenye kona, akiwa na lori la mizigo mbele yake. Gari liingizwe gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ilishike, na breki ziguswe kwa vipindi. Hata gari la otomatiki lina gia ndogo; halipaswi kuachwa kwenye D mteremko mzima. Malori yanayoshuka taratibu yako sahihi, nasi tuwe na subira nyuma yao.

Mikumi nitaipitia haraka. Barabara inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, vibao vya mwendo na vya faini kwa anayegonga mnyama vinaonekana wazi, na jioni ndiyo wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa wanyama huvuka na macho ya dereva yameshachoka.

Wasio na gari wafikirie pia treni ya TAZARA kutoka Mbeya. Watoto hulala na mizigo ina nafasi, ila ratiba yake haitabiriki, kwa hiyo usiipande ukiwa na jambo la lazima kesho yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu, nalo ni kichocho.

Ziwa Nyasa lina kichocho, kama yalivyo maziwa yetu mengine makubwa. Vijidudu vyake, ambavyo ni minyoo michanga, hukua ndani ya konokono wa majini, hutoka na kuogelea, na mtu akiingia majini hupenya ngozi yake kwa dakika chache bila yeye kusikia chochote. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotulia, penye matete, kwenye midomo ya mito na karibu na makazi ya watu, kuliko kwenye mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi. Lakini watoto hawakai mahali pamoja. Watawafuata samaki wadogo kwenye matete, watamsaidia mvuvi kusukuma mtumbwi, watanawa miguu kwenye kijito nyuma ya banda, na jioni mzazi ataapa kwamba walikuwa mbele ya macho yake muda wote.

Tatizo ninaloliona kila msimu ni la muda. Familia inarudi Jumapili, Jumatatu mama anawapeleka watoto wote maabara, majibu yanatoka safi, na habari inaishia hapo. Kwa kweli siku ile hapakuwa na cha kuonekana. Kinachotafutwa kwenye hadubini ni mayai ya minyoo, katika mkojo au kinyesi, na minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa, kukutana na kuanza kutaga. Ndiyo sababu wataalamu hushauri mtu apimwe wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kuingia ziwani. Dawa nayo iko hivyohivyo: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huihimili, kwa hiyo anayeimeza wiki ya kwanza ili ajihami anaweza kubaki na ugonjwa huku akiamini amepona. Mpwa wangu alipewa dawa hiyo na zahanati moja siku chache baada ya kurudi, bila kuulizwa alitoka ziwani lini, na miezi iliyofuata akaanza kukojoa damu. Alitibiwa upya akapona, ila shangazi na bibi walikuwa wameshapata hofu ambayo swali moja tu lingeiepusha.

Kwa hiyo fanyeni hivi: siku mnayofika nyumbani, chukueni kalenda ya ukutani, mhesabu. Kama mtoto aliingia majini mara ya mwisho tarehe 28 Juni, basi kipimo kiwe kati ya tarehe 9 na 23 Agosti. Zungusha tarehe hizo kwa kalamu nyekundu na uandike majina ya wote walioingia ziwani, pamoja na baba, ambaye kwa kawaida husahauliwa.

Malaria haisubiri Agosti. Kyela ni bonde lenye joto na mashamba ya mpunga, mbu wapo, na homa yake huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja. Homa ya wiki ya pili isiitwe uchovu wa safari. Kipimo cha haraka kinapatikana karibu kila zahanati, na kifanyike siku hiyohiyo.

Nitaendelea na habari za nyumbani baada ya michango ya kwanza.

Mchangiaji, Mbagala

Shukrani kwa uzi wenye manufaa, ndugu mleta uzi. Nina swali moja, nami naliuliza kwa nia njema. Wenyeji wa Matema wanaoga ziwani kila siku, wanafua humo, watoto wao wamekulia humo, na ukiwatazama ni watu wenye afya. Je, hatuwatishi wazazi bure? Mimi nilikwenda na familia mwaka jana, maji ni maangavu hadi unaona vidole vya miguu yako, na hakuna aliyeugua.

Mleta uzi

Swali lako lina maana, kaka, na ninaomba nilijibu kikamilifu.

Wenyeji wa kandokando ya maziwa wanaugua kichocho. Ndiyo maana serikali hugawa dawa za kichocho kwa wanafunzi shuleni katika maeneo yenye maambukizi, bila kumpima kila mtoto. Tofauti ni kwamba ugonjwa huu haumwangushi mtu kitandani kwa siku moja. Unakaa ndani kwa miaka, mtoto anapungukiwa damu, anadumaa, anachoka darasani, na mtu mzima anaweza kuharibikiwa kibofu au ini bila kujua chanzo. Kumtazama mtu kwa macho na kusema ana afya hakutoshi.

Kuhusu uangavu wa maji, vijidudu hivyo havionekani kwa macho, na maji maangavu hayana uhusiano wowote na usalama wake. Nakubaliana nawe kabisa kwamba Matema ni mahali pazuri na ninatamani kila mtoto wa Dar apaone. Sijasema watu wasiogelee. Ninachosema ni kwamba aliyeogelea apimwe kwa wakati unaofaa, jambo ambalo ni rahisi na dawa yake ipo. Kwa kuwa mlikwenda mwaka jana, muda wa kusubiri ulishapita zamani; mnaweza kupima wiki hii.

Mchangiaji, muuguzi

Naongeza kidogo kwa faida ya wote. Kwa kichocho cha mkojo, sampuli nzuri ni ile ya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi zaidi muda huo. Wazazi huja na mkojo wa alfajiri kwenye kichupa wakidhani ndio bora kama ilivyo kwa vipimo vingine. Mtoto akimbiekimbie kidogo kwanza, kisha akojoe, na sehemu ya mwisho ya mkojo isiachwe. Kwa kichocho cha matumbo kinahitajika kinyesi, na wakati mwingine sampuli zaidi ya moja, maana mayai yanaweza kuwa machache. Dawa hutolewa kwa uzito wa mtoto na imezwe baada ya kula; ni chungu na huleta kichefuchefu tumbo likiwa tupu.

Mchangiaji, Mwanza

Haya yote yanahusu pia Ziwa Viktoria, tafadhali. Kila Desemba wajukuu wanaletwa kwa bibi zao Ukerewe na Sengerema, wanashinda majini, kisha wanarudishwa Dar na Dodoma na hakuna anayewaza kichocho, kwa sababu walikuwa kwa bibi na haikuitwa utalii. Huku kwetu kile cha matumbo ndicho kinachotusumbua sana.

Mleta uzi

Ahsante sana muuguzi wetu, na ahsante ndugu wa Mwanza. Hilo la wajukuu ni kweli tupu.

Niendelee na nyumbani.

Nyumba iliyofungwa kwa wiki mbili ina mambo yake, na kwa Dar es Salaam la kwanza ni maji yaliyotuama. Jiji letu lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza hupenda ndoo, pipa, sahani ya chungu cha maua na tairi lililotupwa uani. Yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa takriban siku kumi, kwa hiyo likizo yenu inamtosha kabisa. Kabla ya kushusha mizigo, mtu mzima mmoja azunguke uani na kumwaga kila maji yaliyosimama, kisha asugue kuta za ndani za kila chombo kwa brashi, kwa sababu mayai hunata ukutani juu kidogo ya usawa wa maji na hustahimili ukavu hadi chombo kitakapojazwa tena. Kumwaga peke yake hakutoshi.

Friji nayo ina ujanja wake. Kabla ya kuondoka, gandisha kikombe cha maji kwenye friza na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu iko juu, umeme haukukatika kwa muda mrefu. Ukiikuta imezama ndani ya barafu, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, na nyama ile haifai hata kama inaonekana nzuri. Wale wenye LUKU waache uniti za kutosha; hilo halihitaji maelezo.

Fedha ya kurudi itengwe kabla ya kwenda, na ikae mahali pake. Mwisho wa likizo ya Juni unakutana na muhula mpya, ada, daftari, viatu vilivyobana, na mtu aliyemaliza akiba ziwani hurudi akikopa kwa majirani. Bahasha moja ya mafuta na chumba cha njiani, nyingine ya chakula cha wiki ya kwanza na mahitaji ya shule. Wanaoona aibu kuwaambia watoto kwamba fedha za mitumbwi zimekwisha wawaambie tu. Mtoto huelewa akielezwa.

Vilevile msifike nyumbani usiku wa kuamkia shule. Angalau siku mbili zibaki katikati. Watoto waliokuwa wakilala wakitaka na kuamshwa na mawimbi hawarudi kwenye ratiba ya saa kumi na moja alfajiri na foleni ya Kimara kwa usiku mmoja, na wengine huwa wakali au wanyamavu kwa siku kadhaa. Wangu wa mwisho huwa anakataa kula chochote kisicho samaki. Mkiweza, waacheni wafungue mabegi wenyewe, waanike taulo, wampelekee bibi dagaa wake, wamsimulie. Kazi hizo ndogo zinawarudisha nyumbani kwa upole kuliko kuwaamuru waketi kwenye vitabu.

Mchangiaji, Tabata

Dada, mimi nina ombi la kawaida tu. Tuko Matema sasa hivi na mke wangu amenunua vyungu vya Wakisi pale soko la Lyulilo, vikubwa viwili na vidogo kadhaa. Mwaka juzi rafiki yetu alifika Dar na vigae. Vinafungwaje?

Mleta uzi

Hongera kwa kununua, kaka, na mwambie shemeji amechagua vema. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Ikombe na huletwa Lyulilo kwa mitumbwi, kwa hiyo vimeshasafiri salama majini kabla havijafika mikononi mwenu. Chunguzeni wauzaji wanavyovipanga, mtajifunza mengi. Jazeni ndani nguo laini hadi mdomoni, kisha mvifunge kwa majani makavu ya migomba, ambayo mtayapata bure njiani. Kila chungu kikae kifudifudi kwenye sakafu ya gari, nyuma ya viti vya mbele, pasipo chungu juu ya chungu. Kinachovunja chungu ni kugongana na kingine kwenye tuta, kuliko uzito wenyewe. Mchele usikae juu yake kwa namna yoyote. Kabla hamjakinunua kingine, kigongeni kwa kidole: kinacholia sauti safi ni kizima, chenye sauti ya kupasuka kina ufa hata kama hamuuoni.

Mkifika, msikitie chungu kipya kwenye moto mkali siku hiyohiyo. Kilowekwe kwenye maji kwanza, kisha kichemshiwe maji kwa moto mdogo, ndipo kipikiwe maharage.

Mchangiaji, Kinondoni

Mleta uzi, nimesoma yote na sasa nina wasiwasi. Tulirudi kutoka Matema wiki tatu zilizopita. Mtoto wangu wa kike ana homa za jioni, anakohoa kikohozi kikavu, na tangu juzi ana vipele vinavyowasha kama vya mzio, vinatokea na kupotea. Duka la dawa wamenipa dawa ya mafua. Kutokana na ulichoandika, je, nisubiri hadi wiki ya nane ndipo nimpime?

Mleta uzi

Hapana, dada yangu, usisubiri hata siku moja. Wiki sita hadi nane nilizozitaja ni za mtu asiye na dalili yoyote. Mwenye homa baada ya kutoka Kyela anakwenda hospitali leo, na kipimo cha kwanza ni cha malaria, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kumzidia mtoto haraka.

Pamoja na hayo, homa, kikohozi na vipele vya kuwasha wiki chache baada ya kuogelea ziwani vinaweza kuwa mwitikio wa mwili kwa kichocho kichanga. Katika hatua hiyo mayai huweza yasionekane kabisa kwenye kipimo, na daktari hutegemea historia ya mgonjwa na picha ya damu, hasa kama zile chembe nyeupe zinazopanda wakati wa minyoo na mzio zimeongezeka. Matibabu ya hatua hiyo yana utaratibu wake na prazikwanteli huweza kurudiwa baadaye, kwa hiyo usinunue dawa hiyo dukani na kumpa mwenyewe.

Nenda hospitali yenye maabara kamili, na kabla hujatoka nyumbani andika kwenye karatasi mambo haya: mmekaa Matema kuanzia lini hadi lini, siku ya mwisho aliyoingia majini, kama alicheza penye matete au mtoni, homa ilianza lini, na dawa zote alizokwisha kumeza, pamoja na hiyo ya mafua. Mkabidhi daktari karatasi hiyo hata kama hajauliza. Kama kuna ndugu zake waliocheza naye, waende pamoja, hata wasio na homa, daktari aamue.

Muuguzi, tafadhali kama uko karibu msaidie dada huyu kujua ni hospitali zipi za Kinondoni zina maabara inayofanya kazi jioni. Nami niko mtandaoni. Ukishatoka kwa daktari tuandikie hapahapa alichosema.